Chapa ya Nguo Kabingo: Anzia Mezani pa Kukatia

Vijana wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na wa mji wa Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, wanaotaka kuanzisha chapa ya nguo isiyoharibu mazingira huanza kwa kuulizia kitambaa. Wamesikia habari za pamba asilia, za nyuzi za mgomba, za poliesta iliyotengenezwa kwa chupa kuukuu, na wanataka kujua kinauzwa wapi na kwa bei gani. Swali ni zuri, ila linakuja mapema. Kwa chapa yenye cherehani mbili au tatu pale Kabingo, ndani ya Nakivale, kitambaa cha kwanza cha kushughulikia ni kile ulichokwisha kukilipia na bado unakifagia kila jioni. Hicho umekinunua kwa bei kamili, umelipia na boda iliyokileta, na hakimvishi mtu yeyote.

Katika ushonaji wa viwandani hukadiriwa kwamba asilimia 15 hivi ya kitambaa huishia sakafuni wakati wa kukata. Fundi wa mtaani anaweza kuwa chini au juu ya hapo, na hawezi kujua mpaka apime. Kwa hiyo tafuta gunia, liweke chini ya meza ya kukatia, na kila kipande kinachokatika na kubaki kiingie humo. Pima vitenge vipya kabla ya kukata, na mwisho wa wiki pima gunia kwa mizani ile ile ya wauza maharage. Tuseme umekata vitenge 10 vyenye uzito wa kilo 8 kwa jumla, na gunia likatoa kilo 1 na gramu 200. Hiyo ni asilimia 15: kitenge kizima na nusu cha pili umekilipia bure. Andika namba hiyo ukutani. Kila ushauri unaofuata hapa utaujaribu kwa kuangalia kama namba imeshuka.

Namna ya kuishusha iko kwenye mpangilio kabla ya mkasi. Kitenge cha kawaida kina upana wa inchi 45 hadi 46, na kipande kizima ni yadi 6. Fundi mwenye haraka hukikunja, akaweka pateni ya mwili katikati, akakata, kisha akatafuta mahali pa mikono, na mwisho kola na mifuko ikakatwa popote palipobaki. Afanyaye hivyo huacha mapengo makubwa kati ya kipande na kipande. Tengeneza pateni zako kwa karatasi ngumu ya manila, zote, hata ya mfuko na ya bitana ya kola. Zipange zote juu ya kitambaa kabla ya kuchora mstari wowote kwa chaki. Pinda la bega la nguo moja linaweza kukaa ndani ya shingo ya nyingine. Ukikata saizi kubwa na saizi ya mtoto pamoja, nguo ya mtoto mara nyingi hutoka katika mapengo ya nguo ya mkubwa. Ukipata mpangilio mzuri, upige picha kwa simu, uuandike ni wa nguo gani na saizi gani, na kesho usianze kufikiri upya.

Jambo moja ambalo wanunuzi wa vitenge hulisahau dukani ni mwelekeo wa picha. Kitenge chenye ndege wanaotazama juu, au chenye maandishi, hakikubali kugeuzwa. Kila kipande lazima kisimame upande mmoja, na upotevu unaongezeka. Kitenge chenye maua au duara zinazoonekana sawa kila upande hukuruhusu kugeuza pateni utakavyo. Ukiwa dukani Mbarara na unachagua kitambaa cha kushonea nguo 20 za aina moja, amua hilo palepale.

Kuna pia nguo ambazo kwa umbo lake hazipotezi karibu chochote, na ziko karibu nawe. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwanza Wanyarwanda, na sasa wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Angalia baati la akina mama wa Kisomali, au dera linalovaliwa Pwani: upana wote wa kitambaa unatumika, shingo inakatwa, pembeni panashonwa, basi. Shuka la Kiethiopia halikatwi kabisa. Washonaji wa mavazi haya waliwatangulia wabunifu wa Ulaya ambao leo wanafundisha chuoni namna ya kukata bila kubakiza. Mbunifu wa Kabingo anaweza kukaa na mama wa Kisomali na fundi wa libaya, blauzi ya Kikongo, kutoka Bukavu katika siku moja, akatoka na umbo jipya ambalo Kampala hawana. Sijui mahali pengine Uganda penye mitindo mingi hivyo ya kukata nguo ndani ya mwendo wa miguu.

Lakini usibane kitambaa mahali pasipostahili. Akiba ya mshono pembeni, ile inchi moja inayobaki ndani, wengi huipunguza ili kuokoa kitambaa, na hilo ni kosa. Gauni lenye akiba ya inchi moja linaweza kufumuliwa na kupanuliwa mama akinenepa au akijifungua. Sare ya mtoto yenye pindo la inchi tatu itateremshwa mwaka ujao. Gauni lisilo na akiba likibana mara moja, kazi yake imekwisha. Kitambaa kilichofichwa ndani ya mshono kinaongeza miaka ya nguo, na miaka ndiyo hesabu kubwa kuliko zote katika habari hii. Vivyo hivyo pamba: iloweke na uianike kabla ya kuikata, ili isije ikasinyaa baada ya kufuliwa mara ya kwanza na mteja akabaki na nguo isiyomwingia.

Sasa kitambaa chenyewe. Jifunze kukijua kwa moto, kwa sababu maneno ya muuzaji hayatoshi. Vitenge vingi vinavyoitwa pamba sokoni ni poliesta. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo juu ya beseni la maji, nje ya nyumba, uziwashe. Pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha majivu laini ya kijivu. Poliesta hujikunja na kuyeyuka, hunuka plastiki, na huacha punje ngumu nyeusi isiyopondeka kwa vidole. Ukiona majivu na punje kwa pamoja, ni mchanganyiko.

Sisemi poliesta isiguswe. Hutengenezwa kwa mafuta ya petroli, haiozi, na kila inapofuliwa humwaga vinyuzi visivyoonekana ambavyo huenda na maji. Lakini hudumu, na begi la mgongoni la poliesta linalokaa miaka kumi bila kufuliwa kila wiki ni matumizi mazuri ya kitambaa hicho. Kibaya ni kukitumia kwa gauni jepesi linalofuliwa kila siku mbili na kupauka kabla ya mwaka. Kwa nguo za kugusa mwili katika joto letu, tafuta pamba.

Na pamba Uganda ipo. Kenneth Borup wa Uganda Company aliingiza mbegu zake mwaka 1903, na kwa miongo mingi zao hilo lililisha nchi. Leo inalimwa zaidi kaskazini, mashariki na huko Kasese, kwa maji ya mvua, jambo jema ukilinganisha na nchi zinazokausha mito kwa kumwagilia. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa sana huuzwa nje ikiwa pamba iliyochambuliwa tu, nasi tukanunua kitambaa kilichofumwa ng'ambo. Viwanda vinavyofuma hapa nchini ni vichache: kile cha Jinja kinachojulikana kwa jina la NYTIL, kilichoanza miaka ya 1950, na Fine Spinners cha Kampala kinachoanzia kwenye pamba hadi fulana iliyoshonwa. Chapa ndogo haiwezi kwenda kiwandani kuomba mita 30. Mafundi wanane wa Kabingo na Base Camp huko Nakivale, na wa Mbarara, wakikubaliana rangi mbili na kuagiza pamoja, wanaweza kusikilizwa. Hapo ushirika una maana kuliko cheti chochote cha kimataifa, ambacho gharama yake ingemaliza mtaji wako wote.

Mgomba unaongelewa sana, na ni haki, kwa kuwa Isingiro, wilaya iliyo na Nakivale, na Mbarara ni nchi ya matoke. Kila mgomba huzaa mkungu mmoja na kukatwa, na shina lake huachwa shambani. Kampuni ya TexFad ya Mukono imekuwa ikitoa nyuzi kwenye mashina hayo na kutengeneza mazulia, mikeka na hata nywele za kusukia. Nyuzi hizo ni imara lakini ni ngumu. Ili ziwe shati inabidi zilainishwe na kusokotwa na pamba, kazi inayohitaji mashine ambazo kijiji hakina. Usimwahidi mteja shati la mgomba. Tengeneza mikanda, kofia, mabegi na vitambulisho vya bei vya kufunga kwenye nguo, ambavyo wasusi wa vikapu wa Kirundi na wa Kinyarwanda walioko Nakivale wanaviweza tayari.

Upande wa Masaka, njiani kuelekea Kampala, kuna lubugo, kitambaa cha gome la mutuba. Gome huvuliwa, shina hufungwa majani ya mgomba, na mti huota gome jipya. Mti mmoja huvunwa kwa miaka mingi bila kufa. UNESCO ilitangaza utengenezaji wake kuwa kazi bora ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2005. Linafaa fulana za juu, mapambo ya mfuko, mikoba, ila halipendi maji, kwa hiyo liweke mahali pasipofuliwa au panapobanduka. Na ujue kwamba kwa Baganda ni nguo ya kutawazia kabaka na ya kuzikia wafu. Ongea na watengenezaji kabla hujalifanya suruali fupi.

Mitumba inahitaji maneno mengi zaidi, maana ndiyo malighafi kubwa kuliko zote tuliyonayo. Bobby Kolade, mbunifu aliyelelewa Kampala na kusomea Berlin, alianzisha chapa ya BUZIGAHILL ambayo hununua nguo za mitumba Kampala, huzifumua, huzishona upya na kuziuza huko zilikotoka. Mkusanyo wake wa mwaka 2022 aliuita kwa maana ya kumrudishia mtumaji mzigo wake. Nairobi, Mohamed Awale wa Suave ameshona mabegi kwa mabaki na nguo za soko la Gikomba kwa miaka mingi. Nimetaja hawa wawili kwa sababu wamechagua njia tofauti, na ya Awale ndiyo rahisi zaidi kwa anayeanza. Begi halina saizi. Shati la mitumba ukilibadilisha kuwa shati jingine, lazima limwingie mtu; ukilibadilisha kuwa begi, doa unaliruka, kwapa lililochakaa unalitupa, na kilichobaki kinatosha.

Usinunue robota zima mwanzoni. Nenda kwa wachuuzi mwisho wa siku, uulize kile kisichouzika. Katika robota hutoka makoti ya baridi ambayo hakuna Mganda atakayeyavaa, mashati ya wanaume wanene kupita watu wetu, mapazia na mashuka. Koti lina zipu ndefu ya chuma, vifungo na bitana. Shati kubwa lina mgongo mpana ambao ni kitambaa safi. Pazia na shuka ni bora kuliko vyote, maana ni kitambaa tambarare kisicho na mshono wa kufumua. Jinzi zinafaa mabegi na viraka vya magoti. Chochote ukinunuacho, kifue kwa maji ya moto na ukianike juani kabla hakijafika mezani, kisha kinyanyue kwenye mwanga uone palipochakaa.

Hapa wengi hukosea bei. Kufumua shati moja huchukua muda mrefu kuliko kukata kitambaa kipya, na muda huo ni wa mtu anayepaswa kulipwa. Mteja akikuambia nguo iwe rahisi kwa kuwa ni mitumba, mweleze kazi. Ukishindwa kupata bei inayolipa mfumuaji, acha bidhaa hiyo, kwa sababu chapa inayopunguza taka kwa kumdhulumu fundi haina cha kujivunia.

Wala usiijenge chapa yote juu ya robota. Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba kufikia 2019. Marekani ikatishia kuwaondolea nafuu ya kuuza huko bila ushuru, nchi nyingine zikarudi nyuma, Rwanda ikaendelea na mwaka 2018 ikapoteza nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Agosti 2023 Rais Museveni alitangaza tena akiwa Mbale kwamba mitumba ipigwe marufuku. Bado inauzwa, lakini mwenye biashara asiyejiandaa kwa siku ambayo haitauzwa anajiweka pabaya.

Turudi kwenye lile gunia, maana hata ukikata vizuri halitakuwa tupu. Litenge mara mbili: pamba kwake, poliesta kwake, na ufanye hivyo wakati unakata, kwa kuwa baada ya kuchanganyika hakuna atakayekaa kuchambua. Vipande vinavyozidi kiganja huwa mifuko, kola, bitana za mfuko, nguo za watoto wachanga, mashuka ya viraka. Vile virefu vyembamba huwa vifungio, pindo za shingo na vilemba vya kufunga nywele. Vidogo sana vya pamba hukatwakatwa na kujaziwa mito. Vya poliesta vinafaa mazulia ya kusuka ya mlangoni. Usivitumie kuwashia jiko, hata kama kuni zimekuwa haba na mkaa ghali. Moshi wa plastiki jikoni huwaingia watoto kifuani.

Kabla hujashona bidhaa yoyote ya mabaki, mtafute anayeihitaji. Nimeona mabanda yaliyojaa vibeti vidogo vya vitenge ambavyo hakuna aliyeviomba, vimetumia uzi, zipu mpya na saa za kazi, na vikaishia kuliwa na panya. Afadhali kipande kikae guniani kikisubiri kazi.

Kuhusu rangi nitakuwa mkali. Sehemu kubwa ya watu wa Nakivale hunywa maji yanayovutwa kutoka Ziwa Nakivale na kusafishwa. Ziwa hilo, pamoja na Mburo na ardhi oevu zake, liliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya maeneo yenye umuhimu wa kimataifa, na mto Rwizi unaopita Mbarara unateremkia upande huo. Anayetia batiki kwa magadi makali na kemikali za kuyeyushia rangi, kisha akamwaga beseni mtaroni, anamwaga kwenye mtungi wa jirani. Kama huna shimo la kuchujia na mtu aliyefundishwa, nunua kitambaa chenye rangi tayari. Ukitaka kujaribu rangi za mimea, maganda ya vitunguu hutoa manjano ya kahawia na kokwa za parachichi hutoa waridi iliyofifia. Shabu hushikiza rangi vizuri, nawe usiguse mrututu. Manjano ya jikoni inavutia ila hupauka juani upesi, kwa hiyo usiiuzie watu. Fua sampuli yako mara kadhaa na uianike wiki nzima kabla ya kuipigia picha.

Kuhusu vifungashio sina mengi: funga nguo kwa kitambaa cha mabaki au gazeti, na uachane na kaveera, mfuko wa plastiki.

Kinachobaki ni ushonaji wenyewe. Nguo nyingi hufa mahali palepale: chini ya kwapa, kwenye msamba wa suruali, pembe ya mfuko na mwisho wa zipu. Piga mshono wa pili hapo, kwa uzi imara, na ufunge kingo kwa ovaloki au kwa kukunja mara mbili kama ovaloki hakuna. Kisha umwambie mteja kwamba kwa mwaka mmoja ikifumuka airudishe, utaishona bure. Wachache watarudi, na kila atakayerudi atakuonyesha mahali unapokosea. Shona kwa oda kadiri uwezavyo, ukipokea malipo ya awali ya kitambaa, ili rafu zako zisijae saizi zisizo na mwenyewe.

Mwisho, kuwa mwangalifu na maneno utakayoyaweka kwenye lebo, hasa ukifikiria kuuza nje. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024, ambayo nchi wanachama zinatakiwa kuitumia kuanzia tarehe 27 Septemba 2026, inakataza kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa ni rafiki wa mazingira bila ushahidi unaotambulika. Hata bila sheria hiyo, mteja wa Mbarara ana haki ya kuambiwa kweli. Andika unachoweza kumwonyesha mtu akija: pamba tupu, au mashati mawili ya mitumba yaliyoshonwa upya, imekatwa na kushonwa Kabingo, Nakivale, ikifumuka ilete. Maneno hayo yanatosha kuanza kuuza.